CASC ni kiwanda cha makombora au ni "NASA ya Wachina"? Jibu kwa msomaji wa Tanga

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Nasoma kidato cha sita, tahasusi ya PCM, hapa Tanga. Nyumbani kuna ubishi. Baba anasema shirika la CASC la China ni kama NASA: linapeleka watu angani, limechota udongo wa mwezini. Mjomba anasema hayo ni danganya toto, CASC ni kiwanda cha makombora na roketi ni kisingizio tu. Nani mkweli? Na lile lichuma lililoanguka Makueni kule Kenya, ni lao?"

Marahaba, mwanangu. Mimi ningempa mjomba alama sita kwa kumi na baba tatu. Moja naibakiza, kwa sababu wote wawili hawakuuliza swali ambalo mwanafunzi wa fizikia angeanza nalo: ndani ya tangi mna nini? Tutalirudia mara kadhaa.

Baba anapoteza alama kwenye NASA. NASA ni wakala wa serikali. Hupanga safari, hutoa fedha, halafu vyombo vyake vingi huvinunua kwa makampuni. Ofisi ya China inayokaribiana nayo kwa cheo ni CNSA, ambayo kazi yake kubwa ni kusaini mikataba na kuzungumza na mataifa mengine. CASC, yaani Shirika la Sayansi na Teknolojia ya Anga za Juu la China, ni shirika la umma lenye viwanda na wafanyakazi zaidi ya 170,000, na ndilo linalochomelea vyuma vyenyewe. Ukitaka la kulilinganisha nalo Marekani, chukua Lockheed Martin: inatengeneza chombo cha Orion cha kubeba wanaanga kuelekea mwezini, na inatengeneza pia Trident, kombora la nyuklia linalokaa tumboni mwa nyambizi. Wamarekani hilo wamelizoea. Tofauti ni kwamba Lockheed ina wenye hisa, na CASC mwenye mali ni serikali peke yake. Tena viwanja vikuu vinavyorushia roketi zake, kuanzia Jiuquan jangwani Gobi hadi Wenchang kisiwani Hainan, vimekuwa mikononi mwa jeshi.

Mjomba yeye anavuna alama zake kwenye historia. Taasisi iliyozaa CASC ilianzishwa tarehe 8 Oktoba 1956, nayo iliitwa Akademia ya Tano ya Wizara ya Ulinzi. Angalia mwaka. Sputnik, setilaiti ya kwanza duniani, ilikuwa bado mwaka mzima mbele. Beijing hakuna aliyewaagiza watu hawa wapeleke kitu angani. Waliagizwa kombora.

Mkuu wao alikuwa Qian Xuesen, na kisa chake ningekipa kitabu kizima kama gazeti lingeruhusu. Alikwenda Marekani kusoma mwaka 1935, akawa mwanafunzi na kisha mwenzake Theodore von Kármán, bingwa wa sayansi ya urukaji, kwenye chuo cha Caltech, akawa miongoni mwa waasisi wa maabara ya JPL, hiyo hiyo ambayo leo inaendesha magari ya NASA kule Mirihi. Mwaka 1945 Marekani ilimvisha cheo cha kanali na kumpeleka Ujerumani iliyoshindwa, akakaa na kumhoji Wernher von Braun, mbunifu wa V-2, kombora la Wajerumani la wakati wa vita. Miaka mitano baadaye wakamgeukia: ni mkomunisti. Wakamnyang'anya kibali cha kazi za siri na kumweka chini ya uangalizi miaka mitano, kisha mwaka 1955 wakamwachia aondoke na mkewe na watoto. Dan Kimball, aliyekuwa kiongozi wa juu katika wizara ya jeshi la majini la Marekani, alikuja kusema kwamba nchi yake haijawahi kufanya jambo la kipumbavu kuliko hilo. Mimi nakubaliana naye, ingawa sidhani kama mtu mmoja angeweza kuzuia historia.

Warusi nao walitia mkono. Kwa makubaliano ya Oktoba 1957 waliwapa Wachina makombora ya R-2 pamoja na wataalamu wa kuwafundisha. R-2 ilitoka kwenye R-1, na R-1 ilikuwa V-2 ya Mjerumani iliyonakiliwa. Urafiki ulipochacha, Agosti 1960 wataalamu wote wakaitwa nyumbani Moscow. Tarehe 5 Novemba mwaka huo huo, hata miezi mitatu haijaisha, Wachina wakarusha nakala yao wenyewe.

Sasa turudi kwenye tangi. R-2 iliunguza spiriti, ethanoli ile ile unayoijua maabara, pamoja na oksijeni ya kimiminika. Oksijeni hiyo huchemka kwenye nyuzi 183 chini ya sifuri. Ukiijaza kwenye kombora inaanza kuvukia hapo hapo, kwa hiyo huwezi kujaza leo ukasubiri vita vya mwezi ujao. Ni sawa na mvuvi wa Deep Sea hapo Tanga anunue barafu Jumatatu kwa samaki watakaovuliwa Ijumaa. Na kujaza kunachukua saa nyingi, adui anakutazama.

Kuna tukio moja la enzi hizo ambalo huwa nalitumia darasani. Mwaka 1964 Wachina walikuwa jangwani wakijiandaa kurusha Dongfeng-2, kombora lao la kwanza walilobuni wenyewe. La kwanza la aina hiyo lilianguka Machi 1962 karibu na hapo hapo liliporushwa, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na usingizi. Juni ikaja na joto kali. Hesabu zikaonyesha kombora halitafika shabaha. Unajua sababu, umesoma kutanuka kwa vimiminika: vikipata joto vinatanuka, na tangi lile lile linabeba uzito mdogo kuliko lilivyokadiriwa. Wakubwa wakaumiza vichwa namna ya kuongeza mafuta kwenye tangi ambalo limeshajaa. Luteni mmoja kijana, Wang Yongzhi, akasema kinyume: tumwage spiriti kilo 600, litafika mbali zaidi.

Wakamwona kachanganyikiwa. Akaenda kugonga mlango wa Qian mwenyewe. Qian akamsikiliza, akamwita mbunifu mkuu, akamwambia kijana huyu yuko sahihi.

Kabla hujasoma mbele, jaribu mwenyewe. Spiriti na oksijeni huungua kwa uwiano maalumu. Joto lilikuwa limeharibu uwiano ule, oksijeni ingeisha kabla, na spiriti ingebaki ndani ya tangi bila kazi, mzigo mtupu unaobebwa hadi mwisho wa safari. Ukiutoa mzigo ule mapema, kombora linakuwa jepesi na vyote viwili vinaisha pamoja. Tarehe 29 Juni 1964 Dongfeng-2 ikaruka vizuri. Wang Yongzhi huyo huyo, mwaka 1992, ndiye aliyeteuliwa kuwa mbunifu mkuu wa kwanza wa mpango wa China wa kupeleka watu angani. Mwambie mjomba kwamba kijana wa makombora ndiye baba wa wanaanga. Ni alama yake hiyo.

Jeshi lilitaka kombora linaloweza kukaa tayari, si la barafu ya Jumatatu. Kwa hiyo Dongfeng zilizofuata zilihama kutoka spiriti kwenda kwenye vimiminika vya jamii ya hidrazini, na kwenye Dongfeng-5, kombora la kuvuka mabara, vikaoanishwa na tetroksidi ya nitrojeni. Hivi hukaa ndani ya tangi kwa joto la kawaida, na vikikutana vinawaka vyenyewe bila kiberiti. Ni sumu kali, vinaunguza mapafu, lakini jenerali hajali sana hilo mradi kombora liko tayari.

Hapa ndipo nyumba hii ya makombora inapopata mlango wa pili, wa roketi za setilaiti. Setilaiti ya karibu na dunia inahitaji mwendo wa kilomita kama 7.8 kwa sekunde. Kombora la kuvuka mabara linahitaji kama 7. Aliyefika 7 hajabakiza safari ndefu. Apunguze mzigo au aongeze hatua moja juu, yaani kipande kingine chenye injini na fueli yake, basi. Wakachukua Dongfeng-4, wakaiongezea hatua ya tatu, wakaiita Changzheng-1, yaani Mwendo Mrefu, na tarehe 24 Aprili 1970 ikapeleka setilaiti ya kwanza ya China, Dongfanghong-1, yenye kilo 173, iliyokuwa ikizunguka dunia na kupiga wimbo redioni. Kutoka Dongfeng-5 ikatoka Changzheng-2, na kutoka hiyo ukoo mzima wa 3 na 4. Yang Liwei, Mchina wa kwanza kwenda angani kwa chombo cha kwao, tarehe 15 Oktoba 2003 alipandishwa na Changzheng-2F, mjukuu halali wa Dongfeng-5, na mafuta ni yale yale ya sumu.

Usimruhusu mjomba ashangilie sana kwa hilo. R-7 iliyombeba Mrusi Yuri Gagarin ilikuwa kombora. Atlas iliyombeba Mmarekani John Glenn mwaka 1962 ilikuwa kombora. Mataifa yale mawili yaliyotangulia kurusha setilaiti yalipitia mlango huo huo.

Neno "kisingizio" ndilo linalomgharimu. Kazi ya roketi ya setilaiti ilikuwa ngumu kwa namna yake, na walioifanya waliumia kwayo. Tarehe 5 Novemba 1974 Changzheng-2 ya kwanza ilinyanyuka Jiuquan, ikaanza kuyumba, na kama sekunde 20 baadaye ikapotea pamoja na setilaiti. Walipochunguza walikuta chanzo ni waya mmoja uliokuwa ukibeba ishara za jairoskopu. Ulikuwa na jeraha ambalo jicho halikuliona, mtikisiko ukaukata, roketi ikabaki haijui imeinama kiasi gani. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 1975, roketi ya aina ile ile ikapeleka setilaiti, na setilaiti ikarudi ardhini.

Miaka ishirini na moja mbele, waya tena. Tarehe 15 Februari 1996 pale Xichang, Changzheng-3B ikiwa safari yake ya kwanza, imebeba setilaiti ya Kimarekani ya Intelsat 708, iliinama mara tu ilipoachana na jukwaa na sekunde 22 baadaye ikajipiga mlimani jirani na kijiji. Taarifa rasmi ilitaja vifo 6 na majeruhi 57, na wapo walioshuhudia ambao hawakuiamini hesabu hiyo. Kosa lilikuwa kwenye kiungo kidogo cha dhahabu na alumini ndani ya mfumo wa kuongoza roketi.

Kilichofuata ndicho kinachojibu ubishi wenu kuliko maelezo yangu yote. Kampuni za bima zilitaka wataalamu huru wathibitishe chanzo. Wahandisi wa Kimarekani wakakaa, wakaandika maoni yao, maoni yakawafikia Wachina kabla serikali ya Marekani haijatoa kibali. Washington ikawaka. Ukimfundisha mtu kurekebisha mfumo wa kuongoza roketi ya setilaiti, wakasema, umemfundisha kurekebisha kombora. Kampuni ya Loral, iliyotengeneza setilaiti ile, ilikubali mwaka 2002 kulipa faini ya dola milioni 14. Sheria za kuuza nje setilaiti zilikazwa kiasi kwamba soko la Marekani kwa roketi za China lilikufa, na hadi leo setilaiti yenye vipuri nyeti vya Kimarekani hairuhusiwi kupanda Changzheng. Ni haki? Kwa upande wa fizikia, ndiyo, jairoskopu haijui kilicho juu yake. Kwa upande wa biashara, nadhani walijikata mkono wao wenyewe, maana Wachina waliendelea kujenga za kwao.

Kuhusu majina ya ndani, ambayo huwachanganya hata waandishi wa habari. Akademia ya Tano ya 1956 iligeuzwa wizara mwaka 1965, ikabadilishwa majina mara kadhaa, na mwaka 1993 ikawa shirika. Tarehe 1 Julai 1999 likapasuliwa mawili: CASC, na ndugu yake ambaye sasa anaitwa CASIC. Ukiangalia orodha ya akademia za CASC utaona ipo ya Kwanza, ya Nne, ya Tano, ya Sita, ya Nane, lakini ya Pili na ya Tatu hazipo. Hazikufutwa. Zilikwenda kwa CASIC: ya Pili na makombora ya kutungulia ndege, ya Tatu na makombora ya kuruka chini chini na ya kupiga meli. CASC ilibaki na ya Kwanza, yenye makao Nanyuan kusini mwa Beijing, ambayo ndiyo iliyotengeneza Dongfeng-5 na sehemu kubwa ya ukoo wa Changzheng. Na Akademia ya Tano ya sasa si ile ya 1956. Hii ya sasa ilianzishwa mwaka 1968 na inatengeneza setilaiti na vyombo vya wanaanga. Kwa hiyo ukisoma mahali "Akademia ya Tano", kwanza tazama mwaka.

Sasa ile alama niliyoibakiza. Tangu miaka ya themanini, mlango wa kombora na mlango wa roketi vimekuwa vikiachana, na kinachoviachanisha ni tangi. Jeshi limehamia kwenye fueli mango, iliyogandishwa ndani ya kombora kama mpira mgumu, haihitaji kujazwa, inapakiwa kwenye lori na kufichwa. Kombora la kuvuka mabara ambalo China ililirusha Pasifiki tarehe 25 Septemba 2024 likiwa na kichwa cha bandia, jaribio la wazi la namna hiyo baada ya miaka 44, lilikuwa la ukoo huo. Roketi kubwa mpya nazo zimerudi kwenye baridi: Changzheng-7 inaunguza mafuta ya taa na oksijeni ya kimiminika, na Changzheng-5 ina haidrojeni ya kimiminika kwenye mwili wake wa kati. Hakuna jenerali atakayetaka silaha ya haidrojeni, ni barafu ya Jumatatu mara kumi. Changzheng-5 hata treni haiipandi. Roketi za zamani zilibanwa kwenye kipenyo cha mita 3.35 ili zipite mahandaki ya reli. Hii ina mita 5, kwa hiyo huunganishwa Tianjin na kupelekwa Hainan kwa meli. Silaha isiyopita handaki la reli ni silaha ya ajabu.

Kanuni yangu ya tangi ina mashimo, usije ukamtambia nayo mjomba akakuumbua. Changzheng-11 ni roketi ya setilaiti ya fueli mango, imewahi kurushwa hata kutoka melini, na ukiitazama utaapa ni kombora. Kuaizhou ya CASIC hali kadhalika. Dongfeng-5 ya vimiminika nayo haijastaafu. Toleo lake jipya lilipita kwenye gwaride la Beijing Septemba 2025. Na roketi za zamani za sumu bado zinafanya kazi: setilaiti ya kwanza ya Ethiopia, Desemba 2019, ilipandishwa na Changzheng-4B kutoka Taiyuan.

Nimalizie na Makueni. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha mita kama 2.5 na uzito wa kilo kama 500 ilianguka kijiji cha Mukuku. Shirika la Anga la Kenya lilisema ni pete ya kutenganisha hatua za roketi. Kuitwika China kwa kuwa ni China si haki; pete kama hiyo ipo kwenye roketi za mataifa mengi, na chuma kinaweza kuzunguka juu miaka mingi kabla hakijashuka. Kesi ambayo China ilinyooshewa kidole, nami nainyooshea, ni ya Changzheng-5B. Katika safari zake za 2020 hadi 2022 hiyo haikuwa na hatua ya juu, kwa hiyo mwili wake wa kati, wenye uzito wa tani kama 20, uliingia wenyewe kwenye mzunguko na kushuka popote ulipotaka. Mei 2020 vyuma viliangukia vijiji vya Ivory Coast, likiwemo bomba lenye urefu wa mita kama 12. Mzunguko wake ulipita kati ya nyuzi 41 kaskazini na nyuzi 41 kusini, maana yake Tanga, Mombasa, Bujumbura na Lubumbashi zote zilikuwa chini yake. Hilo lingeweza kuzuiwa kwa ubunifu tofauti, na mkataba wa kimataifa wa 1972 unaitaka nchi iliyorusha ilipe madhara yatakayotokea ardhini.

Kikianguka chuma kwenu, kaeni mbali na muwaite polisi kabla ya wauza chuma chakavu hawajafika. Roketi za ukoo wa zamani huweza kubakiza sumu ndani ya tangi. Mkiona moshi wa rangi ya chungwa iliyoiva au kahawia ya kutu, hiyo ni tetroksidi ya nitrojeni: msiuingie, ondokeni kwa kuelekea upepo unakotoka.